Ron Gilbert Hana Deni Lako

Mwezi jana beshte yangu alifunga kompyuta yangu kwa nguvu hadi nikadhani amevunja skrini. Tulikuwa kwangu Rongai, stima ndiyo ilikuwa imerudi baada ya kupotea tangu asubuhi, na nilikuwa nimemfungulia Death by Scrolling, gemu ambayo Ron Gilbert alitoa Oktoba 2025. Alicheza kama dakika kumi. Akafa mara nne. Kisha akasema, "Hii si gemu ya Gilbert. Huyu mzee ameishiwa."

Nikamuuliza gemu ya Gilbert inakaaje. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa maji yanakaaje.

"Monkey Island, bana. Si atengeneze tu Monkey Island."

Haya maandishi ni jibu langu kwake, na kwa wengine wote wanaofikiri kama yeye. Kwa bahati mbaya ni jibu langu kwangu pia, maana nilikuwa mmoja wao na nilikuwa na mdomo mrefu kumliko.

Kwa ambao hamjawahi kukutana naye: Gilbert ni Mmarekani, amezaliwa Oregon, na sasa amevuka miaka sitini. Mwaka 1987, akiwa kijana wa ishirini na kitu, yeye na mwenzake Gary Winnick walitoa Maniac Mansion katika kampuni ya George Lucas, yule wa Star Wars. Siku hizo gemu nyingi za visa zilikutaka uandike amri kwa kibodi, na ukikosea neno moja kompyuta inakujibu kwamba haijaelewa. Wao waliweka vitenzi pale chini ya skrini: fungua, chukua, sukuma, vuta. Unabofya kitenzi, unabofya kitu, mambo yanaenda. Mtambo ulioundwa kuendesha gemu hiyo uliitwa SCUMM, na kampuni ikaendelea kuutumia kwa miaka kama kumi. Jina hilo ndilo lililozaa ScummVM, programu ya bure ambayo watu wanajitolea kuitunza tangu 2001 ili gemu za zamani ziweze kuchezwa kwenye mashine za leo. Ndiyo iliyonifikisha hapa. Nilikuwa kidato cha tatu, likizo ya Agosti, simu ya Android yenye ufa katikati, bando hakuna, na binamu yangu alikuwa amenihamishia faili fulani ambazo hata yeye hakujua ni za nini.

Ilikuwa The Secret of Monkey Island, ya mwaka 1990. Kijana anaitwa Guybrush Threepwood anafika kisiwani akitaka kuwa haramia na hajui chochote. Mojawapo ya mitihani yake ni upanga. Lakini kwa gemu hii upanga wenyewe hausaidii, anayeshinda ni mwenye ulimi. Adui anakurushia tusi, na wewe lazima uwe na jibu linaloliingia sawasawa. Ukikosa unarudi nyuma, ukilipata anarudi yeye. Na matusi yenyewe unayajua kwa kushindwa: mtu anakuchapa na tusi ambalo hujawahi kulisikia, unalibeba na aibu yako, unaenda kulijaribu kwa haramia mwingine usikie atalijibu vipi.

Sasa niambie, hiyo ni nini kama si mchongoano? Nimekulia Eastlands. Nimechapwa kwa maneno kuhusu nyumba yetu, viatu vyangu, na ukubwa wa kichwa changu, darasa zima likicheka, na nilijifunza kujibu kwa njia hiyo hiyo: kwa kushindwa, kukumbuka, na kwenda kujaribu mtaa wa pili. Na hapa palikuwa na watu wa California walioweka mchongoano ndani ya disketi miaka kumi kabla sijazaliwa, bila kujua una jina. Nilicheza hadi simu ikawa moto mkononi.

Kuna kitu kingine nilichokipenda bila kukielewa. Katika gemu hiyo karibu haiwezekani kufa, na haiwezekani kukwama milele kwa sababu ulisahau kuokota kijiko saa mbili zilizopita. Baadaye ndipo nikajua kwamba haikuwa bahati. Mwaka 1989 Gilbert aliandika makala ya kueleza kwa nini gemu za visa, hizo hizo alizokuwa akitengeneza, ni mbovu. Alilalamikia vifo vya ghafla visivyo na onyo. Alilalamikia mafumbo yanayoenda kinyume, ambapo unaokota kamba kwa sababu tu iko hapo, halafu baadaye sana ndipo unakutana na shimo. Alitaka ukutane na shimo kwanza, ndipo uanze kutafuta kamba. Halafu mwaka uliofuata akatoa gemu iliyofuata sheria zake mwenyewe. Utani pekee: Guybrush hujigamba kwamba anaweza kuziba pumzi dakika kumi, na ukimwacha chini ya maji dakika kumi kamili, anakufa kweli.

Kwa hivyo mapenzi nayaelewa. Sijaja kuwacheka wenye mapenzi.

Lakini hebu tuhesabu. Monkey Island ya kwanza ni 1990, ya pili ni 1991, na mwaka 1992 Gilbert alikuwa ameshaondoka. Ile ya 1997, ya 2000 na ile ya vipande ya 2009 zilitengenezwa na watu wengine. Yeye alienda kuanzisha Humongous Entertainment pamoja na Shelley Day, wakatengenezea watoto wadogo gemu: kagari ka zambarau kanakoitwa Putt-Putt, samaki mpelelezi, na mvulana aliyevaa nguo za kulalia akidhani ni shujaa. Kutoka kampuni hiyo hiyo likazaliwa tawi la Cavedog, lililotoa Total Annihilation mwaka 1997, gemu ya vita vya maroboti ambayo haina uhusiano wowote na haramia wala samaki. Mwaka 2010 akatoa DeathSpank, kazi ya kupiga majoka na kuokota dhahabu. Mwaka 2013 ikaja The Cave, ambapo unapanda na kushuka ndani ya pango linaloongea. Mwaka 2017, Thimbleweed Park.

Karibu miaka arobaini ya kazi. Ile "gemu ya Gilbert" ambayo beshte yangu anaijua ilichukua miaka michache tu ya mwanzo. Ukimwambia mzee huyu kwamba kutengeneza gemu ya kukimbia na kupiga ni kusaliti asili yake, basi amekuwa akisaliti asili yake tangu kabla wewe hujaanza nasari. Pengine hiyo ndiyo asili yenyewe.

Tuje sasa kwa mwaka 2022, mahali ambapo mimi ndiye mshtakiwa.

Tarehe 1 Aprili mwaka huo Gilbert aliandika kwenye blogu yake kwamba anatengeneza Monkey Island mpya. Watu wakacheka, kwa sababu ya tarehe. Na alikuwa ametega: kwa miaka mingi alijisifu kwamba blogu yake haina upuuzi wa Siku ya Wajinga. Siku chache baadaye ikathibitishwa. Return to Monkey Island, yeye mwenyewe akiongoza, Dave Grossman akiwa mwandishi mwenzake kama zamani. Nilipiga kelele ndani ya matatu. Konda akaniuliza kama nimeshinda beti.

Kisha mwishoni mwa Juni ikaja trela. Na picha hazikuwa zile za pikseli tulizozikariri. Rex Crowle, mchoraji aliyeongoza kazi hiyo, alikuwa amechora ulimwengu wa pembe kali na karatasi zilizokatwa, watu wenye nyuso ambazo hatukuzitambua. Tukawaka. Watu walifukua andiko la Gilbert la 2013, ambapo aliorodhesha jinsi angetengeneza Monkey Island kama angepewa nafasi, na mojawapo ilikuwa picha za mtindo wa zamani. Wakamtupia usoni kama hati ya mahakamani. Wewe si ulisema? Mbona unatudanganya?

Na mimi nikaandika. Sikutukana mama ya mtu, wengine walifanya mabaya zaidi, lakini niliandika kwamba inakaa kazi ya mwanafunzi aliyechelewa kuleta hoemuwaki. Niliona ni mchongoano mzuri. Ulipata vicheko. Siku si nyingi Gilbert akafunga maoni kwenye blogu yake na kusema hataandika tena kuhusu gemu hiyo, kwamba raha ya kushiriki nasi imemtoka. Mtu aliyesubiri miaka thelathini kurudi nyumbani kwake, akafunga mlango kwa sababu waliokuja kumpokea walikuwa wanarusha mawe.

Mchongoano una sheria, na kila mtoto wa mtaani anaijua: anayechongolewa lazima awe amesimama mbele yako na ana nafasi ya kujibu. Kumi dhidi ya mmoja ambaye hawezi kujibu bila kuonekana mbaya, hiyo ina jina lingine.

Gemu ilitoka Septemba 2022. Nilichelewa kuicheza kwa sababu ya pesa, na nilipoicheza nilisahau suala la picha kabla ya saa moja kuisha. Ina kasoro, sitakataa. Sehemu yake ya mwisho inakimbizwa, na kuna mafumbo yaliyo rahisi hata ukichagua yale magumu. Mwisho wake sitauharibu hapa, ila niseme hivi: ukiingia ukitaka ile siri uliyoisubiri tangu 1990, gemu inakuuliza kwa upole kwa nini unaitaka sana. Wengi walikasirika. Mimi nilizima taa nikakaa kidogo. Nilihisi kama mtu ameniona.

Najua hoja ya upande wa pili, beshte yangu aliitoa akiwa amesimama mlangoni: mteja ni mfalme. Sisi ndio tunanunua, sisi ndio tumemlisha. Sawa. Basi tuongee biashara. Mnamo Novemba 2014 Gilbert na Winnick walienda Kickstarter kuomba dola 375,000 za kutengeneza Thimbleweed Park. Wakachangiwa zaidi ya 626,000. Waliahidi gemu ya mtindo wa 1987, yenye vitenzi chini na pikseli kubwa, na ndiyo walioileta. Waliochanga walipata walichochangia. Deni likaisha. Ukienda kwa kinyozi ukamlipa akakunyoa, huwezi kurudi baada ya miaka minane ukamshika shati kwa sababu ameamua kufungua duka la viatu.

Nikiwa mkweli, Gilbert naye ana mkono katika hili. Thimbleweed Park iliuzwa kama kitu kilichopatikana kwenye droo kuukuu, gemu ya zamani ambayo hukuwahi kuicheza. Ukiwauzia watu droo, usishangae wakirudi kuuliza kama kuna droo nyingine. Alijua thamani ya kumbukumbu zetu na akaitumia. Lakini kuuza droo moja si kuapa kwamba utalala ndani yake.

Na kuna jambo linalonikera zaidi ya yote: tunampigia kelele asiye na mali. Monkey Island si ya Gilbert. Haijawahi kuwa yake. Ni ya Lucasfilm, na Disney walipoinunua Lucasfilm mwaka 2012, ikawa ya Disney. Mwaka 2016 aliwaomba hadharani wamuuzie Monkey Island na Maniac Mansion, maana wao walikuwa wameacha kutengeneza gemu. Hawakumuuzia. Ile ya 2022 aliitengeneza kwa ruhusa, kama mtu anayeomba kulala usiku mmoja katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Sasa mtu anamwambia "tengeneza nyingine" kana kwamba funguo ziko mfukoni mwake. Mbona hakuna anayepigia kelele wenye funguo? Kwa sababu kampuni haisomi maoni ikaumia. Binadamu ndiye anayesoma.

Halafu tazama kilichofuata. Mwaka 2024 Gilbert alieleza kwamba anatengeneza gemu ya safari, ulimwengu mpana wa kuzurura, pikseli za zamani, kitu kati ya Zelda ya kale na Diablo, na utani wake ndani. Pikseli! Zile zile tulizomlilia. Niliisubiri hiyo gemu kuliko nilivyosubiri matokeo ya mtihani. Mwaka 2025 akasema ameiacha. Hakuwa na pesa wala muda wa kujenga kitu kikubwa namna hiyo, na mikataba aliyopata kwa wachapishaji ilikuwa mibovu. Wachapishaji wana hesabu zao: wanatazama kilichouza jana, wanakadiria kitakachouza kesho, na kisichofanana na kitu chochote hakiingii kwenye hesabu.

Fikiria hilo kidogo. Mtu aliyebuni namna ya kucheza ambayo watu walikula kwayo kwa muongo mzima hawezi kupata mtu wa kulipia wazo lake jipya. Kwa jina la zamani alipata mkataba, kwa jina jipya akaambiwa hapana. Na hizo hesabu za wachapishaji zinatoka wapi? Zinatoka kwetu. Kila mara tunapopigia makofi kurudi na kununia kuanza, kuna mtu mahali fulani anaandika namba.

Kwa hivyo akatengeneza kitu kidogo alichoweza. Death by Scrolling: uko toharani, skrini inapanda juu bila kukungoja, unaokota sarafu ili umlipe mvushaji akuvushe, na nyuma yako anakuja Kifo mwenyewe na mundu, ambaye huwezi kumuua. Kazi yako ni kumkimbia. Usiniambie haina hadithi. Mzee wa miaka sitini na kitu, pesa zimekuwa tatizo, wakati unapanda bila kungoja, anakusanya senti ili avuke. Labda nasoma mno, labda ni gemu tu ya kukimbia. Ila nilicheka nilipoielewa, na kicheko chenyewe hakikuwa cha raha tupu.

Nina sababu yangu ya kupandwa na hasira hivi, acha niiseme nimalize. Miaka mitatu iliyopita niliandika insha kuhusu kuacha chuo mwaka wa tatu: karo, aibu, siku niliyomwambia mamangu. Ilisomwa sana. Hadi leo nikimtumia mhariri wazo, liwe kuhusu mpira, gemu au vyakula vya kibandani, jibu linarudi na heshima zote: ni zuri, lakini hatuwezi kupata kitu kingine kama kile cha chuo? Mmoja aliniuliza kama sina ndugu mwingine aliyeacha masomo. Nina miaka ishirini na sita na tayari nimeshawekwa kwenye droo. Na ninaandika bado, kwa hivyo msinililie. Ila nikijiweka mahali pa mtu aliyeambiwa hivyo tangu 1992, naona mikono inanitetemeka.

Utasema basi tusikosoe. Kosoa. Death by Scrolling ina vitu vya kukosolewa: baada ya saa tatu unahisi umeshaona kila kitu, na silaha zake nyingine hazina maana. Sema hivyo, andika hivyo, usinunue ukitaka. Hiyo ni kuhukumu gemu iliyo mbele yako. Kile beshte yangu alifanya ni kuhukumu gemu iliyo mbele yake kwa kosa la kutokuwa gemu nyingine, na hapo hakuna mtunzi wa kitu chochote anayeweza kushinda kesi. Hata Monkey Island ya kwanza ingeshindwa. Mwaka 1990 ingekuwepo mbogi yetu ya kelele, tungemuuliza Gilbert haramia ni wa nini, mbona asitengeneze Maniac Mansion ya pili.

Jumapili alikuja tena kuchukua chaja yake. Nilimwambia nimemnunulia Death by Scrolling, kwa pesa zangu, acheze kwake saa moja nzima bila kutaja haramia, kisha aniambie anaonaje. Alishukuru. Alikunywa chai yangu. Akiwa anafunga viatu akaniuliza, kwa sauti ya chini kama mtu anayeulizia habari za mgonjwa, kama nimesikia lolote kuhusu Monkey Island nyingine.